Mzee wa Mabanzi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lea binti Abraham
Umri: Miaka 52
Kabila: Mnyaturu
Dini: Mkristo
Kazi: Fundi seremala
Makazi: Karibu na reli, Manyoni mjini

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashitakiwa. Sina haja ya uongo, mambo yenyewe yanatosha.

Ninaishi kwenye kiwanja cha marehemu baba yangu, mzee Abraham, tangu niliporudi kutoka kwenye ndoa. Yeye ndiye aliyenifundisha useremala, na karakana yangu iko humo humo. Alipougua nilimuuguza mimi. Nilimgeuza kitandani, nilimlisha uji, mpaka Mungu alipomchukua mwaka jana. Kabla hajafa alituita mimi na mdogo wangu Laurian, anayeishi Dodoma, akasema, "Lea hatoki hapa." Laurian akaitikia, "Sawa baba." Leo anadai eti mzee alikuwa anaweweseka.

Kuhusu sanamu. Mwezi wa tano mwaka huu nilichukua mabanzi ya paini pale kwenye mashine ya kupasulia mbao, yale ya pembeni ya gogo ambayo watu huyafanya kuni au kujengea banda la kuku. Niliyapiga randa pande zote mbili, nikapaka gundi, nikayabana kwa mipira ya tairi, banzi juu ya banzi, mpaka nikapata gogo nene. Nikaanza kwa tezo, nikamalizia kwa patasi. Nilimchonga baba amekaa, mikono juu ya fimbo, anaangalia lango kama alivyozoea. Nilipaka oili chafu kuzuia mchwa, akatoka na weusi wake ule ule. Shavu la kushoto lilinisumbua sana, maana lilibonyea baada ya kung'olewa meno. Siku nilipolipata niliweka patasi chini nikalia. Siyo siri. Koti na kofia nilivyomvalisha ni vyake mwenyewe, vilikuwa vinaozea kwenye msumari.

Laurian amesema hapa kituoni kwamba nilifanya uchawi ili kutisha wanunuzi wa kiwanja. Mimi nilichonga mchana kweupe, lango liko wazi. Jirani yangu Rebeka alikuwa akiniletea chai na kunikosoa: "Masikio ya mzee yalikuwa makubwa kuliko hayo." Ni uchawi gani huo wa kukosolewa masikio? Na habari za wanunuzi sikuzijua, kwa sababu mdogo wangu hakuniambia kwamba anauza. Ningejua ningemchonga baba mkubwa zaidi. Andika hivyo hivyo afande.

Mnamo tarehe 19/07/2024, majira ya saa moja asubuhi, nilikuwa nimeinama karibu na lango nafagia maranda ya mbao. Kulikuwa na baridi na ule upepo wetu wa vumbi. Laurian alifika na mwanamume nisiyemjua. Baadaye nilimfahamu kuwa ni Miraji, mfanyabiashara wa alizeti. Laurian alibaki nje ya lango anaongea na simu. Miraji akaingia, akanipita. Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya sanamu, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo mzee."

Kimya. Akasogea karibu, akapandisha sauti, "Shikamoo baba." Kimya tena. Ndipo akanigeukia. "Mama, mzee hasikii vizuri?"

Nilijua amekosea na sikumrekebisha. Mtu aliyenipita kama ufagio, kwa nini nimsaidie? Nilimwambia, "Muulize aliyekuleta."

Laurian alipoingia, Miraji alimwambia kwa ukali, "Uliniambia mzee amefariki na kiwanja hakina mtu. Huyu ni nani?" Laurian akatazama. Alirudi nyuma mpaka akagonga lango, akasema, "Baba." Sauti yenyewe ilikuwa ya mtoto mdogo. Halafu akaona ni mbao, na aibu yake ikageuka hasira.

"Hilo ni gogo," akasema. "Ligonge uone."

Miraji akaligonga bega, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeumbuka. Kisha akaniangalia. "Na huyu mama?"

Laurian akajibu, "Huyo ni dada tu. Anakaa tu hapa."

Anakaa tu. Mtoto niliyembeba mgongoni huyo, niliyemfulia nepi. Iliniuma kuliko kitu chochote alichokifanya kwa shoka baadaye. Nilinyanyuka nikamwambia Miraji, "Naitwa Lea. Mimi ni binti mkubwa wa huyo uliyemwamkia, nipo hapa na sitoki." Miraji akasema, "Shikamoo mama. Mimi sinunui mahali penye mwenyewe." Akaondoka zake.

Laurian alichukua shoka langu kwenye benchi ya kazi. Nilidhani ananijia mimi, nikashika tezo, sifichi. Lakini aliiendea sanamu. Alipiga mikono, akapiga mabega, huku akisema nimemdhalilisha mbele ya mgeni. Nikamwambia, "Nimekudhalilisha, au umeshikwa?" Akazidi kupiga. Ile gundi yangu haikuachia hata sehemu moja, mbao ndizo zilizopasuka. Rebeka alikuja mbio akasimama langoni, naye ameyaona yote.

Kichwa kilipoanguka, kofia ilitoka. Laurian akaacha kupiga. Akaiokota kofia, akaifuta vumbi kwa kiganja, akawa hajui aiweke wapi. Nikamwambia, "Nipe." Akanipa. Hapo ndipo nilipolia, na nililia kwa hasira, kwa sababu alinifanya nimzike baba mara ya pili. Vipande nimevileta hapa kituoni.

Tangu siku hiyo ndugu wa ukoo wananipigia simu. Eti nimwombe radhi mdogo wangu, tuyamalize nyumbani, kesi ifutwe. Siombi. Nyumbani gani huko tunakoyamaliza, wakati yeye anasema mimi nakaa tu? Nimeulizwa kama nataka anilipe sanamu. Sitaki. Ninachotaka ni Laurian asimame mbele ya sheria aseme alimwitikia nini baba yetu. Akitamka hilo, mimi naye hatudaiani tena.

Sichongi sanamu nyingine. Pale ilipokuwa nimeweka kiti, na jioni nakaa mwenyewe nikinoa patasi zangu. Wazee wa ukoo wanasema mwanamke hakai mbele ya lango, hapo ni mahali pa baba mwenye mji. Mimi nakaa. Anayekitaka kiwanja aje tuongee, nina mdomo.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ndiyo hayo. Sipunguzi neno.

Sahihi ya shahidi: L. Abraham

Maelezo haya yameandikwa nami, Koplo Sara, kwa kadiri ya uwezo wangu. Shahidi amesomewa, amekubali kuwa ni sahihi na ametia sahihi mbele yangu. Nilipomuuliza atapatikana wapi akihitajika mahakamani, alijibu: "Kwangu."