Nimeanza Kufurahi Umeme Ukikatika

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijaichana barua hii kama nilivyozichana mbili za mwanzo. Mimi ni fundi cherehani, nina mke na binti wa miaka minane, na tangu ahame mwenzangu niliyekuwa nikishona naye, vitambaa vyote napokea mimi, maana kumwambia mteja hapana siwezi, mdomo unakuwa mzito, basi nasema njoo Jumanne, na Jumanne akija nasema tayari, bado vifungo tu, kumbe nguo yenyewe hata mkasi haijauona. Mwanzoni nilikuwa naona aibu, baadaye nikazoea, nikawa nazima simu, nikawa napita uchochoro wa nyuma kwenda kazini, na siku moja umeme ulipokatika nikajikuta nachekelea peke yangu kwa kuwa nimepata kisingizio, nikashtuka kidogo, kisha nikajinywea chai yangu. Juzi mke wangu alimuuliza binti yetu kama amemaliza kazi za shule, naye akajibu bila kupepesa macho, "Tayari mama, bado vifungo tu," mke wangu akacheka mpaka akakaa chini, mimi nikaacha chakula nusu sahani.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni mwalimu aliyenifundisha kusoma, sasa amestaafu. Aliniletea kitambaa cha zambarau cha kuvaa kwenye harusi ya mwanawe wa mwisho, nikamwahidi, na siku ya harusi akapiga simu mara sita nami nikiitazama tu inavyotetemeka mezani. Jumatatu alikuja, hakugomba. Alikikunjua kitambaa, akakikunja tena vizuri, akasema, "Mwanangu, si ungeniambia tu." Akaondoka nacho. Tangu hapo nikikaa kwenye cherehani mikono haina nguvu, na mke wangu nimemwambia ni mafua. Je, nimekuwa mtu wa namna gani, na nitarudi vipi?

Fundi, baba wa mmoja

Fundi, mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimevaa gauni ambalo fundi wangu alilichelewesha miezi miwili, kwa hiyo usitegemee nikubembeleze sana.

Hujawa mtu mbaya. Umekuwa mtu wa kujificha, na kujificha kunachosha kuliko kushona. Dalili uliziona zote, tena mapema: uchochoro uliujua, simu uliizima mwenyewe, hata ile chai umeikumbuka mpaka ukaiandika. Ulichokosa ni kusimama. Mtu akianza kuombea kazi yake ikwame, hapo ndipo pa kuweka mkasi chini na kujiuliza kulikoni, si kuchemsha chai!

Na hayo mafua unayomdanganya nayo mkeo ni vifungo vilevile. Mwanamke aliyecheka mpaka akakaa chini anaweza pia kukusikiliza. Mwambie leo, kabla hamjala.

Kesho bandika karatasi mlangoni kwamba mwezi huu hupokei kitambaa kipya. Vilivyomo ndani vitoe, mpigie kila mwenye chake, umwambie, "Sijaanza." Wanaotaka vitambaa vyao warudishie kwa heshima. Wanaogomba wasikilize mpaka mwisho, umewaudhi kweli.

Kwa mwalimu usipige simu. Nenda kwa miguu, mchana, mikono mitupu, maana ukibeba zawadi atalazimika kukushukuru, na wewe huendi kushukuriwa. Sema, "Mwalimu, nilikudanganya, na siku ya harusi simu yako niliiona." Umeme usiutaje. Mwenzako aliyehama usimtaje. Kitambaa usikiombe; akikupa mwenyewe, kikate siku hiyohiyo, asipokupa, muage vizuri urudi kazini. Uchungu utakaosikia njiani ni mzuri, ndugu yangu, uache ukuume kidogo. Ndio unaoonyesha bado uko karibu na nyumbani.

Barua ya kunishukuru usiniandikie. Kashone.