Hatutaifuta Safari ya Arequipa

KUMBUKUMBU
Hermógenes Calsina Apaza
Dereva mstaafu wa treni ya mizigo, Juliaca

Waliokuwapo nyumbani kwako Jumapili iliyopita, baada ya misa, ni hawa: mkeo Eudosia, mwanao wa kwanza Rufino, aliyekuja kutoka Lima, binti yako Nélida, mwalimu, kitinda mimba wako Wilber na mkewe Yesica, na dada yako mkubwa Saturnina, ambaye tangu utoto wenu hukuwahi kumshinda kwa maneno. Tulikutana kwa jambo moja tu, kuandika tangazo hili. Juu ya picha, saa ya misa na sala tulikubaliana upesi. Tulikwama penye safari ya Arequipa. Shangazi Saturnina alitaka isitajwe kabisa. Sisi watoto tulitaka itajwe. Mama alikuwa akimenya viazi.

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya tarehe kumi na moja Juni, ulipoinama kufunga kamba za viatu na hukuinuka tena. Siku ishirini na mbili zilikuwa zimepita tangu mrudi kutoka safarini. Wako waliozihesabu siku hizo kwa vidole na kutikisa vichwa. Wamesema sokoni, wamesema mlangoni mwa kanisa, na hata siku ya maziko yako mtu mmoja alimnong'oneza jirani yake kwamba mama yule amemwua mumewe kwa supu. Tuliyasikia. Tumenyamaza mwaka mzima, kama matanga yanavyotaka. Leo tunajibu, nawe usikie.

Uliendesha treni kati ya Juliaca na Arequipa kwa miaka thelathini na mmoja. Ulianza ukiwa mshika breki, ukapanda hadi kiti cha dereva, na hukuwahi kuchelewa isipokuwa kwa sababu ya theluji. Kwenye vituo vile vya juu, ambako nyumba ni mbili na alpaka ni mia, ulipunguza mwendo ukawarushia watoto wa wachungaji mikate uliyoifunga kwa magazeti ya jana. Hukumwambia mtu. Sisi tuliyajua hayo kaburini, walipofika watu tusiowafahamu, na mmoja wao, muuguzi wa hospitali, akatuambia kwamba utotoni alijifunza herufi kwenye karatasi za mikate yako.

Nyumbani ulikuwa mtu wa saa. Chai saa kumi na moja na nusu, viatu ving'arishwe, redio ifunguliwe, kisha ugomvi wako wa kila siku na jogoo wa jirani, ambaye ulidai hajui majira.

Ulifika Arequipa zaidi ya mara elfu tatu, na hukuiona. Zamu yako ilikufikisha Jumatatu na Alhamisi. Ulishuka, ukala, ukalala katika bweni la wafanyakazi wa reli, ukarudi mlimani. Na katika mji ule kila siku ya wiki ina supu yake. Mpishi wa mgahawa wa kupikia kwa kuni hapiki supu ya Jumanne siku ya Jumatano, hata aje askofu. Kwa hiyo ulizijua supu mbili, ya Jumatatu na ya Alhamisi. Supu ya Ijumaa, ile ya kamba wa mtoni, uliisifu kwa kusimuliwa. Siku uliyostaafu ulimwambia Mama kwamba umezeekea mlangoni mwa karamu, na kwamba safari hii mtaingia wote wawili. Mama, aliyewashonea sare watoto wa nusu ya mji huu, alikuwa hajawahi kuuvuka mlima.

Mkaahirisha. Kwanza kwa sababu ya paa, kisha kwa sababu ya ada ya Wilber, kisha moyo wako ukaanza kugoma. Daktari alikukataza chumvi, na akakukataza kupita kilele cha njia, mita elfu nne na mia tano. Hatutaficha hilo. Alikukataza, na alikuwa na haki ya kukukataza.

Nasi watoto tukatenda jambo ambalo leo tunalikiri mbele ya wote. Rufino alitoa amri kwa simu, Nélida akavichukua vitambulisho vyenu viwili, bila hivyo hakuna basi linalompakia mtu, akavifungia katika droo yake ya madaftari ya mahudhurio. Tuliwafungia wazazi wetu kama watoto waliochelewa shuleni. Tukaiita kazi hiyo upendo.

Mama ndiye aliyeifungua droo, kwa ncha ya mkasi wake wa kushonea. Wewe hukujua hata kidogo. Ulidhani ameviomba akapewa. Tunaliandika hili kwa sababu wapo wanaosema ulimburuta mwanamke maskini katika ukaidi wako, na wapo wanaosema yeye ndiye aliyekuburuta. Ukweli ni kwamba mlikwenda kwa miguu yenu minne. Ndani ya droo aliacha kikaratasi: "Tumekwenda Arequipa. Tutarudi Jumatatu. Kuku nimewalisha."

Ijumaa alfajiri basi likapanda. Kwenye kilele Mama alikushika kifundo cha mkono, kidole juu ya mshipa, akijifanya anakubembeleza. Ulikuwa umejaza shavuni majani ya koka, dawa ya wasafiri wa milimani, na kwa dirisha ulikuwa ukimtajia vituo vya reli kimoja kimoja, vile vilivyobomoka pamoja na vile vilivyosimama.

"Acha kunipima, bibi," ulimwambia. "Mlima huu unanijua."

"Unakujua ukiwa na treni," alikujibu. "Bila treni utadhani wewe ni nani?"

Mliposhuka mjini ulibeba sanduku na kutangulia, kwa hatua za mtu mwenye uhakika, na Mama akakufuata akitazama majumba yale ya mawe meupe. Mlitembea nusu saa. Ukasimama mbele ya lango la kutu: bweni la wafanyakazi wa reli, lililofungwa miaka tisa nyuma. Miguu yako haikujua njia nyingine katika mji ule. Mlinzi aliyekuwa akiota jua aliwauliza mnamtafuta nani, na kwa aibu ukajibu kwamba mnamtafuta mtu aliyekwisha kuhama. Mama alicheka hadi akaketi juu ya sanduku. Kisha akakushika mkono akasema kwamba kuanzia pale ataongoza yeye, ambaye haujui mji na kwa hiyo hawezi kuukosea.

Hivyo mlifika kwenye mgahawa wa kuni wa Bi Hortensia. Mkaketi kwenye benchi refu pamoja na watu msiowajua, nawe, kwa mazoea ya reli, ukafungua kitambaa chako cha chakula mezani: viazi vya kugandishwa kwa baridi, vyeusi kama nguo za matanga, na kipande cha jibini. Bi Hortensia akaja, mikono kiunoni. Alikwambia uvifiche vile viazi vyako vya mlimani kabla wateja wake hawajadhani kumetokea msiba. Benchi zima likacheka, nawe ukacheka kuliko wote, ukampa mzee wa kando yako kimoja aonje.

Mama alimwomba supu ya Ijumaa isiyo na chumvi, kwa ajili ya mgonjwa.

"Mama yangu," akasema Bi Hortensia, "supu isiyo na chumvi ni maji ya kuoshea sufuria. Mgonjwa mpikie nyumbani. Hapa anakuja mtu mwenye njaa. Huyu ni yupi?"

Mama alikutazama. Hukumsihi, hukumkonyeza. Ulisubiri tu, mikono juu ya meza, kama ulivyosubiri ishara ya njia miaka yote ile.

"Mwenye njaa," akasema Mama.

Bakuli likaja na kamba wake wekundu, yai na maziwa na vipande vya mahindi. Mama ametueleza kwamba alihesabu vijiko vyako hadi cha tisa. Kisha aliona haya kumhesabia mwanamume anayekula kwa furaha namna ile, akachukua kijiko chake.

Jumamosi mliingia monasteri ya Santa Catalina, ambayo kwa miaka thelathini na mmoja uliijua kwa ukuta wake wa nje. Watalii walipiga picha kuta za rangi nyekundu na buluu. Wewe uliingia jikoni kwa masista wa zamani kukagua mabomba ya moshi, ukatoa hukumu kwamba aliyeyajenga alijua kazi. Mama aliketi katika chumba kimoja cha sista, kitanda na dirisha dogo, akasema angependa chumba kama kile, asiitwe na mtu. Ukamwuliza nani basi angekushonea vifungo. Akasema ungejifunza. Mchana mlikula supu ya Jumamosi, nawe ukathubutu kumwuliza Bi Hortensia kama ya jana imebaki. "Ijumaa ilikwisha jana, mzee," akakwambia, akaenda zake.

Tunayo picha mliyopigwa jioni kwenye matao ya Yanahuara, volkano ikiwa nyuma yenu. Umefumba macho. Mama ameyafumbua kwa niaba yenu wote wawili.

Jumapili asubuhi, baada ya misa ya kwanza, mlikwenda mtaa wa Cayma, ambako watu hula nyama ya nguruwe iliyolala usiku kucha katika pombe ya mahindi na pilipili. Ulichovya mkate hadi chungu kikang'aa. Ukafuta mikono kwa utaratibu, kidole kwa kidole, ukamwambia Mama neno ambalo hakumwambia mtu yeyote mpaka juzi:

"Eudosia, leo ndiyo nimefika Arequipa."

Siku ishirini na mbili ulizobakiwa nazo hukuzitumia kitandani. Ulimtembelea kila mstaafu wa reli aliye hai ukamsimulia ile supu. Uliirudia hadithi ya bweni, na kila mara ulijifanya mjinga zaidi ili Mama acheke. Jogoo wa jirani ulimsamehe, au pengine hukupata nafasi naye.

Wanaotuuliza kama safari ilikupunguzia siku, tunawajibu kwamba hatujui. Daktari naye, tulipomwuliza, alisema moyo wako ulikuwa umechoka tangu kabla na hawezi kuapa upande wowote. Rufino ametaka iandikwe kwamba yeye bado anaamini daktari alisema sawa. Tumeandika. Ametaka pia iandikwe kwamba, kama angekuwa na ile droo leo, angeifungua kwa mkono wake. Nalo tumeliandika. Sisi hatudai kwamba kilele kile hakikukuchosha. Tunadai kwamba siku zako zilikuwa zako, na kwamba mzee si mali ya wanawe ya kuwekwa kabatini isivunjike.

Jumapili iliyopita, haya yaliposomwa kwa sauti, Shangazi Saturnina aliinuka. Alisema kwamba alikubeba mgongoni ulipokuwa na miezi minane, mama yenu akiwa shambani. Kwamba alikufunga nepi, akakufundisha kutembea, na hakukulea ili uzikwe kwa sababu ya bakuli la kamba. Kisha akamgeukia Mama.

"Wifi, wewe ulijua. Ulikuwa umeushika mshipa wake, ukajua, na ukaendelea."

"Nilijua," akasema Mama.

"Basi kama safari inaandikwa, jina langu liondoeni. Sitasimama kwenye karatasi moja na hiyo supu."

Wilber alitaka tuifute safari, ili kuwe na amani. Yesica alitaka tulifute jina, kwa sababu hiyohiyo. Nélida alishika kalamu asijue aanzie wapi.

Mama aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akavua shali nyeusi aliyoivaa mwaka mzima na kuikunja vizuri juu ya kiti. Hajawahi kuinua sauti katika nyumba hii na hakuinua siku hiyo. Alimwambia Nélida aandike majina, naye Nélida akaandika, kwa mpangilio aliouagiza Mama.

Hawa ndio ambao hawajapitisha siku bila kukukumbuka, na hawataipitisha wakiwa hai: mkeo Eudosia Vilcapaza, dada yako Saturnina, aliyekubeba, wanao Rufino, Nélida na Wilber, mkweo Yesica, na wajukuu zako watatu.

Shangazi alisema tena jina lake liondolewe. Mama akamjibu, nasi sote tukiwa tunasikia:

"Safari inabaki, wifi, kwa sababu ilikuwa yake. Na jina lako linabaki, juu ya majina ya watoto, kwa sababu alikuwa wako kabla hajawa wangu. Nichukie ukitaka. Lakini karatasi inakwenda gazetini kesho kama ilivyo, na siombi ruhusa ya mtu."