Jiwe la Mlangoni

Tunduma

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi nipo, ila mafua hayajaniacha. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa, na chuma cha kazini asubuhi hakishikiki. Nakuuliza hali yako ingawa naijua. Kila nikipiga simu, Dada Rehema anasema umejifungia chumbani na hutaki kuongea. Basi nimeandika, maana barua haikatwi kama simu.

Siku ya arobaini ya Baba sikuwepo, lakini nimeelezwa yote. Watu walizidi, likaongezwa sufuria jingine, figa moja likakosekana. Ukawaambia wapishi, "Chukueni lile jiwe la kuzuia mlango." Nani kwetu asingesema hivyo? Alasiri upepo ukashuka mlimani kama kawaida yake, mlango wa chuma ukajibamiza, na Zuhura wa Rehema alikuwa ameshika fremu. Vidole viwili vya mjukuu wako vikakatika. Nililia, Mama, tena mbele ya watu.

Nikajiuliza kwa nini sisi mafundi tunachomelea milango mizito, halafu tunawaachia watu watafute mawe. Nikaanza kutengeneza kizuizi. Cha kwanza nilikikata kwenye ndala, nikakivisha ubavuni mwa mlango wa karakana, na penye fremu nikaweka karoti badala ya kidole. Mwenzangu Jailos akacheka: "Fundi Mluguru, unategea sungura?" Akaubamiza. Ndala ikabonyea, karoti ikakatika. Hakucheka tena.

Nikahamia kwenye mpira wa tairi la lori. Huu unafungwa kwa bolti juu, mtoto hafiki. Mlango ukijibamiza unagota hapo, unabaki upenyo wa kupitisha ngumi. Usiku unakiinua kizuizi tu, mlango unafungika. Karoti zote zilipona. Lakini karoti haina bibi wa kuililia, kwa hiyo mwishowe niliweka vidole vyangu, vilevile viwili. Jailos aligoma kubamiza mpaka nilipomfokea. Vikatoka vizima. Wala sikufurahi, niliona tu nimechelewa.

Nimekituma kwa basi, Rehema atakipokea stendi ya Msamvu. Mlangoni fundi atoboe pale mkono wako unapofika, kwa sababu wewe ndiye unayefunga nyumba. Hakifai kuinjikia sufuria, kwa hiyo hakuna atakayekiazima.

Nisalimie Mjomba Athumani, aliyembeba Zuhura akikimbia mpaka kwenye bodaboda. Shangazi Mwajuma aliyelibeba lile jiwe naye mwambie hana kosa. Wewe pia huna, Mama, na nitalisema hilo mpaka uchoke kunisikia.

Rehema anasema Zuhura huja mlangoni kwako na bandeji yake, anagonga kwa mkono mzima, anaita, "Bibi, hodi," kisha anakaa chini kusubiri. Kizuizi nimeweza kutengeneza. Mlango huo siwezi kuufungua nikiwa huku.

Mfungulie.

Mwanao,
Shabani