Kanda Yetu ya Ngoma, Mimi na Wifi Tekla

Jumatatu, 7 Julai
Nimetoka sala ya asubuhi, nimekoroga uji, nimerudi kwenye kanda. Mimi na wifi Tekla tunaunganisha ngoma tupu. Redio mbili: moja inapiga, nyingine inarekodi. Ngoma ya mganda ya kwetu Kihagara, kisha disko la Ulaya lisilo na mwimbaji, kisha mganda wa kijiji cha Mbaha. Bila kupumua. Kanda ni ya harusi ya mwana wa wifi Jumamosi. Anaoa Mbaha. Nataka wale wakwe wasikae.

Jumatano, 9 Julai
Kidole kilichelewa kwenye kitufe, ngoma ikajikwaa. Wifi akanicheka: "Mtu wa kwaya wewe, hata kidole kinasali kwanza?" Nikamwambia afunge domo ashike redio yake. Tukarudia, tukarudia. Ikakaa! Mungu anisamehe majivuno, lakini mwambao huu wa ziwa hakuna wa kutuweza.

Ijumaa, 11 Julai
Imekamilika. Tumeicheza jikoni, wawili tu, mpaka samaki wetu wa usipa wakaungua.

Jumamosi, 12 Julai
Aibu kwanza. Kanda ilipoanza tu, watu wetu wakainuka. Wa Mbaha wakabaki vitini. Shangazi wa bibi harusi akatugeuzia mgongo. Ndipo nikaelewa. Kwetu mgeni ndiye hufungua uwanja, na sisi tumetanguliza ngoma yetu. Siku zote hizo tulisikiliza mlio tu, heshima tukaisahau. Mwana wa wifi anaanza ndoa kwa ugomvi na wakwe.

Nikazima redio. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya yule mama.

"Shikamoo shangazi. Tumekosa. Tufungulieni ninyi."

Akanigeukia. Halafu: "Marahaba. Na hilo dude lenu, linajua kusubiri zamu?"

"Litasubiri, shangazi."

Ngoma zao walikuja nazo. Wakapiga wenyewe. Wifi akaweka kanda ya disko, sauti chini, akilitafutia nafasi katikati ya mapigo yao. Likaingia. Jamani, likaingia! Uwanja mzima vumbi. Shangazi ndiye aliyekaa wa mwisho.

Jumapili, 13 Julai
Kanisani shangazi alikaa benchi letu. Ya jana hakuyataja. Baada ya ibada akaomba kanda nyingine, Mbaha ianze. Tutamtengenezea. Leo sigusi redio.

Nimekaa barazani. Kwa wifi, ng'ambo ya ua, bibi harusi anaosha vyombo. Mama mkwe wake kasema kitu, sikukisikia. Wanacheka wote wawili.