Dosie yangu iko Roma na kiti hakina mtu

Kalemie, Jumapili tarehe 27 Aprili. Asubuhi mvua, saa sita jua kali. Ziwa limechafuka tangu jana.

Ninaogopa. Naandika neno hilo kwanza ili nisizunguke.

Leo katika misa Padri alifika mahali pale katika sala kuu ambapo kila siku Baba Mtakatifu anatajwa kwa jina lake. Alisema "pamoja na", akasimama kidogo, akaenda moja kwa moja kwa jina la askofu wetu. Sekunde moja, labda nusu. Wazee wawili nyuma yangu walikuwa wamezoea, wakamalizia kwa jina la marehemu, kwa sauti ya chini.

Watu wengi hawakuona kitu. Mimi niliona tundu, na karatasi zangu ziko ndani yake.

Kwa asiyenijua: nina biro, ofisi ndogo ya fotokopi, karibu na soko. Nilianza na meza moja na mashine ya kuandikia ya chuma. Leo nina mashine tatu na paneli za jua, na sikupewa hata msumari na mtu. Kazi yangu ni makaratasi ya watu wengine. Ya kwangu mwenyewe njo yamenishinda.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa niliolewa na mwanaume ambaye hakubatizwa. Mimi nilibatizwa utotoni katika kanisa la Kiprotestanti la bibi yangu. Yule bwana alikwenda kutafuta madini upande wa Manono, akapata mwanamke mwingine, basi. Miaka kumi na moja sasa naishi na Lambert, fundi wa mashine za boti, mtoto wa Wakatoliki wa Moba tangu babu zake. Tulitaka kufunga ndoa kanisani. Tukaambiwa ndoa ile ya kwanza inashika bado, na ndoa ya aina ile, kati ya mbatizwa na asiyebatizwa, askofu hawezi kuifungua. Ni Baba Mtakatifu peke yake duniani.

Sawa. Nilitengeneza dosie, faili zima la ombi letu. Nilipanda treni hadi Kongolo kutafuta cheti changu cha ubatizo. Nilipanda pikipiki hadi Nyunzu kutafuta watu wawili wa kuapa kwamba yule bwana hakubatizwa kamwe. Ile ilikuwa kazi. Waliobatizwa wana daftari lao. Wasiobatizwa hawana daftari popote. Kurasa sitini na mbili, nakala tatu, zote nimepiga mwenyewe kwenye mashine yangu. Halafu dosie ikalala miezi minane kwa sababu sahihi moja ilikuwa juu ya mstari badala ya chini. Nikairudisha. Ikaenda Roma. Miaka mitatu na miezi minne imepita tangu siku ya karatasi ya kwanza.

Na Jumatatu ya Pasaka Baba Mtakatifu amekufa.

Nililia, sikatai. Lakini nilianza kuhesabu kabla machozi hayajakauka.

Kwa sababu Jumatano hii Lambert anapanda boti kwenda Kigoma. Moyo wake umepanuka. Daktari wa hapa amesema asimalize mwezi bila kuonwa na mtaalamu, na mtaalamu aliyepatikana yuko ng'ambo. Lambert hana masharti mengi maishani. Ameomba kitu kimoja: apokee komunyo kabla ya kuvuka. Anayeishi na mke bila ndoa ya kanisa haruhusiwi kuipokea; miaka kumi na moja wenzake wakiinuka kwenda mbele, yeye hubaki kwenye benchi na kuvuta magoti pembeni ili watu wapite. Mimi njo sababu ya benchi ile. Hajawahi kuniambia hivyo. Ndugu zake wameniambia, tena mbele ya wageni.

Baada ya misa nilimkuta Papa Anselme (kwetu mzee yeyote ni papa), mkatekista wetu wa zamani, kwenye baraza la kanisa na akina mama wa kwaya. Alikuwa anawafundisha namna Baba Mtakatifu mpya anavyochaguliwa.

"Zamani, miaka mia saba na zaidi," alisema, "makardinali walikaa karibu miaka mitatu bila kupatana. Wenyeji wa muji wakachoka. Wakawafungia milango, wakawapunguzia chakula. Mwisho wakapanda juu wakatoa paa."

"Sasa Papa Anselme," mmoja wa wale mama akamjibu, "sisi paa yetu inavuja kila mvua na hatujachagua muntu."

"Njo maana hata munaimba haraka haraka."

Walicheka. Nilicheka nao, ila kichwa kilishafanya hesabu. Miaka mitatu ni siku elfu moja tisini na tano.

Nilikwenda kwa Padri bironi kwake. Alikuwa anakunywa chai, hakuwa amevua alba, kanzu yake ya misa.

"Padri, kwa sasa nani anaweza kusaini?"

"Hakuna, Mama Odile."

"Na yule kardinali wanayemuachia nyumba?"

"Anachunga nyumba tu. Kazi ya Baba Mtakatifu mwenyewe hawezi kuigusa. Hata pete yake ya muhuri wanaiharibu, muntu asije akapiga muhuri kwa jina la marehemu."

Hapo nilimwelewa, nasema kweli. Na mimi ningeharibu muhuri kwanza. Lakini kuelewa hakukunisaidia chochote.

"Na mupya akija, dosie inaanza upya?"

"Hapana. Inangoja pale pale. Lakini Mama, jua kwamba atakuta dunia nzima kwenye meza yake."

Akanieleza. Siku tisa za misa za maombolezo. Siku kumi na tano zipite, zisizidi ishirini, makardinali wa mbali wafike. Wafungiwe. Kura mbili asubuhi, mbili jioni, mpaka mmoja apate theluthi mbili. Moshi mweusi, moshi mweusi, halafu siku moja mweupe. Nilihesabu kwenye kiganja: wakienda mbio kabisa, mlango unafungwa tarehe sita Mei. Boti inaondoka tarehe thelathini Aprili. Hapo hata kura ya kwanza haijapigwa.

"Kuna njia," Padri akasema, akaacha kikombe. "Muahidi mbele yangu kuishi kama kaka na dada. Kila muntu kitanda chake, mpaka Roma ijibu. Mukifanya hivyo kesho, Jumanne ninamuletea Papa Lambert komunyo nyumbani. Kanisani hapana, watu watasema."

"Na asipoahidi?"

"Katika hatari ya kifo ninakuja saa yoyote, bila maswali."

"Katikati ya ziwa utakuja na nini, Padri?"

Si mtu mbaya. Aliniangalia kama mtu aliyejiuliza hilo kabla yangu.

Nimerudi kwa miguu nikiwa na hasira, na ndani ya hasira nimekuta kitu kingine, nakiandika kwa aibu. Siku hizi sita nimepumua vizuri kidogo. Kiti kikiwa kitupu, hakuna mtu anayeweza kuniandikia "hapana". Nimekuwa nikiogopa bahasha ile kuliko nilivyoitamani. Nimesoma barua nyingi za ofisi, najua zinavyoanza zinapokuwa na habari mbaya. Jana, baada ya kuona mazishi kwenye simu, nilijikuta naomba wale makardinali wachelewe.

Mke gani anaomba hivyo?

Na ahadi hii, sijawahi kuweka sahihi kwenye karatasi isiyo na tarehe ya mwisho. "Mpaka Roma ijibu" inaweza kuwa wiki tatu, inaweza kuwa miaka. Na Roma ikijibu hapana, mimi ni dada wa mume wangu hadi kaburini. Nani ataniita mjane?

Lambert nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, miguu ndani ya beseni, imevimba hadi juu ya kifundo. Nilimweleza yote jinsi yalivyo, sikupunguza. Alisikiliza, halafu akatikisa kichwa.

"Dada zangu wote wanapika vizuri kuliko wewe. Watanicheka nikiongeza huyu."

"Lambert, siyo mchezo."

"Najua siyo mchezo. Odile, ninataka. Tukiahidi, tuahidi kweli. Sitamudanganya Mungu kwa ajili ya siku tatu."

Njo hivyo. Ameshaamua, na sina haki ya kumwekea benchi la pili.

Lakini kuna jambo sikumwambia, wala sikumwambia Padri. Kinachonitisha katika kitanda cha pili si kile wanachofikiri wao. Tangu Februari sijalala usiku mzima. Naamka, naweka mkono mgongoni kwake, nahesabu pumzi kwa dakika moja. Ishirini na mbili, nalala tena. Zikifika thelathini, namwinua na mito. Mara moja zilikatika, nikahesabu sekunde tisa kabla hazijarudi. Yeye hajui. Anafikiri analala vizuri siku hizi kwa sababu ya dawa.

Mchana huu nimetandika kitanda kwenye chumba cha watoto, ambao wako shuleni Moba hadi likizo. Hatua kumi na moja kutoka kitanda hadi kitanda. Nililala pale, milango yote miwili wazi, nikamwambia Lambert ajilaze apumue kama kawaida. Aliniuliza kama nimechanganyikiwa. Nikamwambia apumue tu. Nilisikia. Nilihesabu hadi kumi na nne, halafu jenereta ya jirani ikawaka, sikusikia tena kitu.

Kesho saa mbili asubuhi tutakuwa kwa Padri na nitasema ndiyo, kwa sauti ya kusikika. Nimekwenda kwa jirani kumwomba usiku wa kesho na wa Jumanne azime ile jenereta saa tatu. Sikumweleza kwa nini.

Amesema ataona.