Ukuta wa Baba Mkwe

Mkolani, 9 Februari 2024

Mdogo wangu Khalidi,

Hujambo huko Dar? Huku wazima, mama goti tu linamsumbua, mdomo mzima kama wangu. Nyumba unayomjengea imefika kwenye lenta, juu ya madirisha, ila ukuta wa chumba chake umeinama kama mlevi anatafuta mlango wa kwake. Fundi Masele kaujenga huku anapiga soga. Na huyo Mayala uliyemweka asimamie, anasimamia nini? Kivuli chake! Masele akiita tu "mkwe wangu," huyo anashusha macho, anapisha njia. Timazi ya kupimia ukuta inalala mfukoni na karanga. Nani atampimia baba mkwe? Adabu tele, nyumba hamna! Mama anataka kuhamia kabla ya masika, ukuta huo utamwangukia bure. Fukuza mmoja.

Dada yako Mwanabaraka

Dar, 15 Februari 2024

Dada, shikamoo. Mimi mafua tu, si ya kulalamika. Mpe mama pole ya goti. Hao ulinitafutia wewe, ukasema wanaelewana, kazi itakimbia. Wakati ule hawakuwa wakwe. Sasa Mayala kaoa kwa Masele lini? Na nani alimpeleka kuposa?

Mdogo wako

Mkolani, 11 Machi 2024

Mdogo wangu, marahaba. Mafua yameisha? Usinione kimya, nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Mshenga ni mimi.

Usicheke! Evelina wa Masele alikuwa anamletea baba yake chakula pale saiti, Mayala kila akimwona anasahau hata saruji. Mdomo ukaniwasha. Pilau la harusi lenyewe nilikula sahani mbili.

Sasa sikia. Jana mama kaja na mkongojo wake. Kachomoa timazi mfukoni kwa Mayala, kaining'iniza mwenyewe. Juu inagusa ukuta, chini mkono mzima unapita. Masele eti, "Mama, huu umesimama, ni macho tu." Mama akasema, "Vizuri. Mvua ya kwanza wewe na mkweo mtalala hapa chini yake." Masele kikohozi kikamshika. Mayala anahesabu vidole vya miguu. Wanaume wazima, wapuuzi!

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Mama akanigeukia: "Na mshenga atalala katikati."

Khalidi, sululu ya kwanza niliishika mimi. Saa kumi ukuta ulikuwa chini.

Dada yako, viganja vyote malengelenge