Leo Bibi Amegomba

Mjukuu wangu, mume wangu,

Salamu kwanza. Uvimbe wa miguu umepungua, na kuku wametaga. Yale niliyokuandikia kwa mkono wa jirani, kwamba umrudishe mkeo kwao maana uji wake ni maji matupu, yafute.

Jana nilimgombeza tena. Baadaye nikamsikia uani, anafua shuka nilizochafua huku anasali: "Asante Bwana, leo bibi amegomba. Juzi alinyamaza, nikaogopa anatuacha."

Nimeona aibu. Kila asubuhi nasali, kumbe kazi yangu ni kuwashtaki watu kwa Mungu. Leo nimeunywa uji nikashukuru. Bado ni maji.

Barua hii anaiandika yeye. Hapo kwenye "umrudishe" kalamu ilisimama. Nikamwambia, andika, mke mwenzangu, kisha unisamehe.

Mkeo mkubwa,
Bibi